Somo: Kukagua Land Rover 109 pikapu iliyobadilishwa injini kabla hujatoa pesa

Wakuu, somo hili ni la yule ambaye ameshaoneshwa 109 (Land Rover ndefu, inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya pikapu, rangi inang'aa, ndani ina injini ya dizeli ya Toyota Hiace iitwayo 3L (ni jina la injini, si lita tatu), na dalali hampi nafasi ya kupumua. Nazungumzia Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mwenye jicho kwenye Hilux ya zamani naye atapata cha kuchukua.

Hatua ya 1: Kadi. Usifungue boneti kwanza. Chukua kadi ya gari, namba ya chesisi uitafute kwenye chuma chenyewe, mbele kulia, pale inaposhikwa springi. Kibati cha ndani ya kabini hakitoshi, maana kibati huhamishwa kwa bisibisi. Kisha namba ya injini. Kama kadi bado inataja injini ya zamani, mabadiliko hayajafika TRA, na ukinunua hivyo usumbufu unakuwa wako. Muuzaji akikwambia "hilo dogo, utamalizia mwenyewe", mjibu kwamba kama ni dogo alimalize yeye, ndipo mzungumze bei. Madeni ya faini za trafiki nayo yaangalie kwa namba ya gari, simu yako inatosha.

Hatua ya 2: Chesisi. Bodi ni ya aluminiamu, kwa hiyo gari linaweza kupendeza juu huku chini limekwisha. Chesisi ni chuma, tena huoza kuanzia ndani, hasa kwa gari lililolala miaka Kigamboni au Kunduchi kwenye upepo wa chumvi. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, gonga kuanzia nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Ukikuta rangi nyeusi nzito ya juzijuzi, hapo ongeza kugonga.

Hatua ya 3: Maungio. Kwangu mimi uamuzi uko hapa. Injini ya 3L haina maneno, spea zake Gerezani zimejaa. Kazi ipo pale injini ya Mjapani inapokutana na gia boksi ya Mwingereza. Sahani ya kuunganishia ikichongwa nje ya mstari, klachi inatetemeka, sili zinavuja, beringi inaanza kupiga kelele. Tazama vishikio vya injini vilivyochomelewa, kisha uliza kazi ilifanywa na fundi gani na umfuate gereji kwake. Muuzaji asiyetaka kumtaja fundi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 4: Breki. Gari hili lilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, na injini ya kawaida ya lita 2.25. Sasa lina lita 2.8. Kama breki hazikuguswa, toa gharama ya kuzirekebisha kwenye bei.

Hatua ya 5: Liendeshe. Foleni ya Buguruni saa nane mchana itakuonesha radieta. Mlima wa Pugu kuelekea Kisarawe utakuonesha mengine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kadi ina jina la marehemu baba yake muuzaji. Ninunue?
Usitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muombe barua ya uteuzi, na ukiweza onana na warithi wengine.

Kaka, hili la kwangu limeinuliwa springi, nataka libebe mchanga. Vipi?
Kwa picha ni zuri, kwa mchanga hapana. Kitovu cha uzito kimepanda, propela shafti inafanya kazi kwa pembe kali, na kona zitakutisha. Rudisha springi za kimo cha kawaida.

Bima kubwa watanikatia?
Waeleze mabadiliko yote kwa maandishi kabla ya kulipia. Ukificha injini, siku ya ajali wana sababu ya kukukatalia madai. Wakikataa kabisa, kata bima ndogo na uliendeshe ukijua hasara ya gari lenyewe ni juu yako.