Kabla hujaagiza kahawa Mwanza ukiwa huli ngano

Kahawa nyeusi haina gluteni. Majani ya chai hayana, maziwa ya ng'ombe hayana, sukari haina. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu ambao wakishaambiwa wana ugonjwa wa siliaki huacha kabisa kukaa na wenzao mgahawani, na hiyo ni hasara isiyo ya lazima. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano). Kwa mwenye siliaki, hata chembe za mkate zinatosha kuifanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba. Cha kuchunguza, basi, ni kilichoongezwa kikombeni na vyombo vilivyotumika.

Kama hujapimwa na unashuku tu, usiache ngano kwanza. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza wakati bado unakula gluteni. Ukishaacha kwa muda, majibu yanaweza kuonyesha huna kitu ilhali ugonjwa upo. Muone daktari, upimwe, ndipo ubadilishe chakula.

Kwenye menyu, hofu yangu kubwa ni vinywaji vya poda. Milo na Ovaltine hutengenezwa kwa kimea cha shayiri, na Horlicks ina ngano pamoja na shayiri. Mgahawa ukiandika "chokoleti ya moto" tu, omba uone kopo lenyewe na usome viambato. Ukikuta wheat (ngano), barley (shayiri) au malt (kimea, kwa kawaida cha shayiri), achana nayo. Fanya hivyo hivyo kwa pakiti za kahawa zilizokwisha kuchanganywa na maziwa na sukari, na kwa poda za vinywaji baridi vya kusagwa na barafu. Kahawa ya unga isiyochanganywa na kitu, kama Africafe inayotoka Bukoba, haina shida. Soda za malti nazo ni za shayiri. Kutokuwa na kilevi hakuzifanyi salama kwako.

Maziwa ya oti, yaani yanayotengenezwa kwa nafaka ya oti badala ya kukamuliwa, yanahitaji tahadhari. Oti yenyewe si ngano wala shayiri, lakini mara nyingi huchanganyika nazo shambani na kiwandani, kwa hiyo yasiyo na maandishi ya kuthibitisha kwamba hayana gluteni usiyanywe. Halafu kuna mrija wa mvuke wa mashine ya kahawa: ukichemshia maziwa ya oti ya mteja mmoja na usifutwe vizuri, mabaki yataingia kwenye maziwa yako. Omba maziwa yako yachemshwe kwenye sufuria safi, au unywe kahawa bila maziwa. Blenda nayo ioshwe kwanza kabla ya juisi yako ya embe au pasheni.

Kwa mama ntilie, iwe Kirumba au stendi ya Nyegezi, tatizo ni jingine. Chai ni safi, ila meza inayoandaliwa chapati ipo hapo hapo, unga unaruka, na kijiko cha kwenye bakuli la sukari kimeshagusa maandazi ya watu kadhaa. Mimi ningebeba sukari yangu kwenye kikopo kidogo. Uji wa ulezi au wa mtama ni mzuri, lakini uliza unga ulisagwa wapi, maana mashine iliyotoka kusaga ngano huacha mabaki. Uji wa lishe uache, isipokuwa anayeuza anakutajia kila nafaka aliyoweka. Togwa ya mahindi yenye kimea cha ulezi inafaa kwa sharti hilo hilo la mashine.

Uliza kwa maneno ambayo mhudumu anaweza kuyajibu. Ukimwambia "gluteni" atakuitikia tu kwa heshima. Sema hivi: "Dada, samahani, nikitumia ngano au shayiri naumwa sana. Hii poda ina nini? Naomba unioneshe kopo." Nenda mapema kabla wateja hawajajaa, maana akiwa na foleni hata mwenye moyo mzuri hawezi kukuoshea blenda. Akisita, agiza kahawa tungu isiyo na kitu. Muuza kahawa wa mtaani mwenye dele lake kwa kawaida huuza kahawa isiyo na maziwa wala poda. Wasiwasi uliobaki ni kikombe, kwa hiyo mpe chako.

Cha kutafuna beba mwenyewe. Usukumani tuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na vinakwenda vizuri sana na kahawa chungu. Ukipanda meli ya usiku kwenda Bukoba, chukua na chupa ya chai uliyoijaza nyumbani, kwa sababu huko majini ukikosa cha kunywa hakuna mgahawa wa pili wa kwenda kuuliza.