Kupokea pesa ya benki kutoka ng'ambo bila kulizwa

Nauza vikapu vya ukindu hapa Kirumba, Mwanza, na wanunuzi wangu wengi wako Ujerumani na Marekani.

Mteja mpe jina lako kama lilivyo benki, namba ya akaunti, tawi na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki yako kimataifa, wenye herufi na tarakimu 8 au 11. Akidai IBAN (namba ya akaunti ya kimataifa) usihangaike, Tanzania hatuitumii. PIN wala nywila hazihitajiki kupokea hata senti.

Makato yazungumzeni mapema. Wakati wa kutuma, akichagua OUR analipa yeye, SHA mnagawana, BEN yote yanakuangukia wewe. Mimi niliwahi kusubiri dola 300, zikaingia 268. Benki ya katikati ilishajimegea.

Sasa wezi. Mwaka jana mmoja aliagiza vikapu vya dola 400, akanitumia picha ya risiti ya 1,400. Eti kakosea, nimrudishie 1,000 kwa simu, tena haraka, msafirishaji wake anasubiri. (Msafirishaji gani, na mzigo ninao mimi?) Nikaenda tawini. Dada wa dirishani akanigeuzia skrini: salio lile lile la Ijumaa.

Pesa ya kweli huchukua kama siku 1 hadi 5 za kazi. Mteja akituma ya ziada kweli, usiirudishe mwenyewe. Iandikie benki iirudishe kule kule ilikotoka. Na kabla ya kufunga mzigo, muulize mhudumu kama pesa imeingia na unaweza kuitoa.

Vikapu vya yule bwana nilimuuzia mtalii wa kisiwa cha Saanane.