Wakitangaza radi na hatari ya moto wa nyika kwa pamoja, zingatia haya kabla

Utabiri ukitoka na maneno mawili kwa mpigo, ngurumo za radi na hatari ya moto, usiishie kwenye lile la kwanza ukaanza kushangilia kwamba mvua hiyo inakuja vumbi litulie. Mimi nilishangilia. Waliouandika hawajakosea, hayo mawili yanakaa pamoja vizuri tu: wingu linapiga radi huko juu, mvua inaanza kushuka halafu inakaukia hewani kabla haijagusa ardhi kwa sababu hewa ya chini ni kavu mno, kinachofika chini ni umeme na upepo. Wamarekani ikija na mvua isiyofika milimita 2.5 wanaihesabu radi kavu, na Agosti 2020 radi za aina hiyo ziliwasha mamia ya mioto California ndani ya siku chache. Kwa hiyo soma utabiri wote, mvua kiasi gani, upepo kutoka wapi, unyevu wa hewa ukoje, siyo kale kapicha ka wingu tu.

Simu ijae chaji, pawabanki pia, tochi iwe na betri. Vifaa vya umeme chomoa kabla wingu halijafika, siyo radi inapasua ndo unakimbilia soketi. Ukisikia ngurumo ingia ndani, utoke zikishapita dakika 30 tangu ile ya mwisho, maana radi inaweza kupiga kilomita 10 na zaidi kutoka mvua ilipo. Chini ya mti hapana, hilo sirudii. Gari la bati linafaa ukipandisha vioo, na siyo kwa sababu ya matairi kama watu wanavyobishana, ni lile bati linaupitisha umeme kwa nje hadi chini.

Nyumba yenyewe: toa majani makavu kwenye mifereji ya paa, na mita moja na nusu kuzunguka ukuta pasibaki kitu cha kushika moto, kuni, maboksi, mkeka wa mlangoni, toa. Nyumba nyingi haziungui kwa ndimi za moto, zinaungua kwa cheche zinazorushwa na upepo hata kutoka zaidi ya kilomita moja, zinatua kwenye majani ya paa zinakaa humo taratibu.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Radi ilipiga mti mkubwa mwisho wa kiwanja chetu jioni moja, mlio mmoja tu mpaka vikombe vikagongana kabatini. Nikatoka baadaye kuangalia, gome limechanika mstari mmoja toka juu hadi shinani, matone machache yameacha vidoa kwenye vumbi, moshi hakuna. Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia, wakanipa pole, nikasahau. Siku ya pili usiku nikasikia harufu ya moshi, nikasema huyu jirani anachoma takataka tena. Asubuhi haipo. Siku ya tatu ikaja tena, nikafunga dirisha. Ndiyo, nilifunga dirisha nikalala. Siku ya nne mchana jua kali, upepo ukaamka, na nyasi za kule mwisho zikawaka zote kwa pamoja kama kuna mtu kamwaga petroli, banda la zana likaenda na kila kilichokuwemo, uzio ukaenda, tulimwagia maji ukuta wa nyuma huku macho hayaoni mpaka zimamoto wakafika.

Moto ulipozimwa mzee mmoja wa zimamoto akaniita pale kwenye shina la ule mti uliopigwa na radi, akachimba kidogo kwa jembe, nikaona mzizi umegeuka kuwa bomba tupu lenye majivu meupe, unaelekea moja kwa moja kwenye nyasi. Siku zote nne moto ulikuwa unatembea chini ya ardhi. Akaniambia unaweza kukaa hivyo hata wiki kadhaa, unasubiri siku kavu yenye upepo.

Kwa hiyo radi ikipiga karibu na kwako, weka alama pale ilipopiga, na uende kila siku kwa wiki mbili au tatu, mchana ndiyo vizuri maana moshi mwembamba unaonekana hewa ikikauka. Sogeza mgongo wa mkono karibu na udongo, usiguse, joto utalisikia. Ukilikuta usimwage ndoo juu ukaondoka, wala usifukie kwa udongo mkavu, chimba, changanya na maji mpaka iwe tope, chimba tena. Mti ukiwa unaungua ndani kaa mbali nao, unaanguka bila kuaga, piga simu zimamoto.

Upepo nao usiuamini. Wingu la radi likianza kuchoka linamwaga hewa baridi chini inayosambaa pande zote, kwa hiyo moto uliokuwa unaenda kule unageukia kwako ndani ya dakika. Arizona mwaka 2013, moto wa Yarnell Hill, zimamoto 19 walikufa upepo wa radi ulipougeuza moto, na wale ni watu waliofunzwa. Wewe ukiambiwa hama, hama. Jua njia mbili za kutokea, egesha gari likitazama barabarani, nyaraka na dawa ziwe kwenye begi moja karibu na mlango. Kama geti lenu ni la umeme jifunze leo kulifungua kwa mkono, umeme ukikatika usiku na moshi huo hutajifunza.

Na siku hizo usichome chochote nje, usikate nyasi kwa mashine mchana, kisu kikigonga jiwe cheche hiyo, usiegeshe gari kwenye nyasi kavu ekzosi ina moto, watoto wasichezee kiberiti, sigara ndo kabisa, na harufu ya moshi ikija usiku, hata kama jirani anajulikana kwa kuchoma takataka, mpigie umuulize.