Usimshtaki mbunge: jinsi ya kuomba sheria ya bunduki ibadilishwe

Mtaani kwetu hapa Eastlands, Nairobi, wengi wanaamini kwamba mbunge aliyepitisha sheria mbaya ya bunduki anaweza kuburutwa kortini ajibu. Kuna mtu mjini aliyekula pesa za kikundi chetu akiahidi kutufungulia kesi ya namna hiyo. Kesi hiyo haipo. Kifungu cha 117 cha Katiba ya Kenya kinalinda uhuru wa kusema na kujadiliana Bungeni, na sheria ya mwaka 2017 kuhusu mamlaka na haki za Bunge inampa mbunge kinga kwa kazi anayoifanya mle ndani. Akila hongo ili apige kura, hilo ni kosa la jinai na ashtakiwe kama mtu mwingine yeyote. Lakini kura peke yake haimfungi.

Kinachopingwa kortini ni sheria yenyewe. Desemba 2014 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya vurugu. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu vinane, kikiwemo kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Vifungu vilianguka, wabunge wakabaki vitini mwao. Hata Marekani ni vivyo hivyo: mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliangusha sharti la New York kuhusu kubeba bastola hadharani, na waliotunga sheria hiyo hawakuguswa.

Kwa hivyo anza na Bunge. Kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi rasmi kwa Bunge, akitaka sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Huhitaji wakili, na hakuna ada. Anayekudai pesa ya kufungua faili anakuibia. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa heshima, ukifuata muundo ulio kwenye sheria ya 2012 ya utaratibu wa maombi Bungeni.

Mahali panapoangusha watu ni aya inayoeleza ulichofanya kabla ya kuja Bungeni. Lazima useme kama ulipeleka suala hilo kwa taasisi husika, na kama ilijibu au jibu halikuridhisha. Basi iandikie kwanza Bodi ya Leseni za Silaha au wizara ya usalama wa ndani, na nakala yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Useme pia kama jambo hilo liko mbele ya mahakama yoyote. Ndiyo maana nasema Bunge kwanza: ukikimbilia korti ya Milimani, wabunge watakuambia mikono yao imefungwa.

Ombi lenyewe lilenge. "Bunduki zimezidi mitaani" ni kilio cha haki kabisa, lakini kamati haiwezi kukigeuza kuwa sheria. Taja kifungu cha Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na useme unataka kisomeke vipi.

Sahihi au alama za vidole gumba ziwekwe moja kwa moja kwenye nakala halisi, zisibandikwe, pamoja na jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Pasiwe na kufutafuta wala maneno yaliyochomekwa juu ya mstari. Karatasi zikizidi moja, kila moja ibebe kichwa cha suala. Peleka kwa Karani wa Bunge, au kupitia kwa mbunge. Hapo pia dai muhuri, kwa sababu Karani ana siku saba za kukagua na utataka kuzihesabu.

Bunge likikataa, nenda Mahakama Kuu, Milimani, kitengo cha Katiba na haki za binadamu. Chini ya Kifungu cha 22, kuanzisha kesi ya kutetea haki zako hakutozwi ada, na kanuni za 2013 zinaruhusu hata barua ya kawaida. Washtakiwa ni Mwanasheria Mkuu na Bunge la Kitaifa. Omba tamko kwamba kifungu kinakiuka Katiba, na amri ya kukisimamisha kwa muda. Hiyo ya pili iombe siku ile ile, kwa hati ya dharura, yaani karatasi ya kuiomba korti ikusikilize haraka, kwa maana kesi huchukua muda na kifungu kinaendelea kutumika dhidi ya watu.