Ramani ya paa nunga: uitengeneze vipi, na uitumie wapi

Paa nunga, swala mdogo wa msituni, haonekani kwa kumtafuta. Anakaa kwenye vichaka vya uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, na akisikia mguu wa mtu keshapotea. Kwa hiyo sisi tunaoshughulika na misitu ya kusini Unguja tunatumia modeli ya makazi: unaipa kompyuta pahala alipopatikana, unaipa hali ya msitu wa kisiwa, nayo inakuchorea pengine panapofanana na hapo.

Nguvu zako nyingi ziweke kwenye nukta za mnyama mwenyewe. Kinyesi usikitegemee, chake na cha paa wengine wadogo vinafanana mno. Pokea picha ya kamera ya mtego, inayojipiga yenyewe mnyama akipita, tena uitazame vizuri: mwili wa rangi nyekundu ya udongo, mkanda mweupe mpana matakoni, madoadoa meupe miguuni. Picha isiyoonesha matako wala miguu iweke kando, hata kama moyo unakwambia ndiye. Pamoja na nukta ya GPS andika tarehe, urefu wa miti, na kama kima walikuwepo juu. Hilo la kima si dogo, kwani paa nunga huokota maua, majani na matunda wanayoyaangusha.

Kabla ya kufunga kamera, nenda kwa wasasi wa zamani. Mwamkie mzee, kaa naye barazani, muulize walikuwa wakitandaza nyavu wapi na mbwa wakimtoa paa upande gani. Karatasi na kalamu vitoe baadae. Akihisi unatafuta wa kumshitaki, atakutajia msitu ambao hajapata kuuingia.

Ukija kwenye tabaka za ramani, data za mvua na joto zinazopatikana bure, kama za WorldClim, zina pikseli (kisanduku kimoja cha ramani) ya karibu kilomita 1. Unguja haifiki kilomita 40 kwa upana, na mvua ya kichaka cha kijiji cha Mtende ndiyo hiyo hiyo ya konde la muhogo lililo pembeni yake. Kinachotenganisha hapa ni msitu wenyewe. Mimi nachukua picha za satelaiti ya Sentinel-2, pikseli ya mita 10, za wakati wa kiangazi, nipate kuona panapobaki kijani. Naongeza urefu wa miti, aina ya ardhi, na umbali wa kijiji na barabara. Zote ziwe na pikseli na mipaka mamoja, kwa vipimo vya ramani vya UTM kanda ya 37 Kusini. Programu ya ramani ya QGIS inatosha, nayo haiuzwi.

Kisha MaxEnt, programu inayotengeneza modeli yenyewe, ambayo pia ni bure. Hulinganisha nukta zako na nukta za mandharinyuma, yaani za kuokota ovyo ovyo kuonesha eneo lilivyo, kwa kawaida 10,000. Hapa ndipo ramani nyingi zinapoharibika. Ukizitawanya hizo za mandharinyuma kisiwa kizima, hadi mjini na kwenye mashamba ya mikarafuu, na kamera zako zote zilikuwa karibu na njia, modeli itajifunza njia zako, si paa. Zifunge ndani ya misitu uliyoweka kamera, pamoja na ile ambayo hukupata kitu. Nukta za paa zinazobanana, bakisha moja.

Upimaji nao uwe wa haki. AUC ni alama ya jinsi modeli inavyotenganisha penye paa na pengine, na mwisho wake ni 1. Ya 0.5 ni kubahatisha, lakini 0.9 isikufurahishe ikiwa nukta za kupimia ziko hatua chache kutoka za kufundishia. Fundisha modeli kwa nukta za msitu wa Jozani, ipime kwa za Mtende.

Ramani itatoka na thamani za 0 hadi 1, za kuonesha pahala panamfaa paa kiasi gani. Penye thamani kubwa bila nukta ndipo pa kupeleka kamera zijazo. Usitangaze kwamba paa yupo. Penye thamani kubwa na picha, tena nje ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ndipo pa kuzungumza na sheha na kamati ya shehia kabla miti haijaenda kwenye kuni, makaa na tanuri la chokaa. Wapelekee pendekezo la kichaka kipi kipumzishwe na kipi waendelee kukikata, maana watu wanapika kila siku na ukiwafungia pote watakata usiku.

Ramani ya kubandika ukutani ichorwe kwa shehia, bila nukta. Yenye nukta ibaki kwa kamati na walinzi wa msitu. Mwenye nyavu naye anajua kusoma ramani.