Mnafu kwa mtoto mdogo: bila fimbo, bila biskuti

Mtoto wa miaka 2 hadi 6 akikataa mboga asiyoizoea, si jeuri. Huo ndio umri wa kuogopa chakula kigeni, na uchungu kwake ni mkali kuliko kwako. Ndiyo maana mnafu, mboga ya majani machungu inayopendwa na wakubwa wengi wa Moshi na Arusha, huleta vita wakati wa kula.

"Hutoki hapa mpaka sahani iishe" humfanya ameze leo, ila mnafu atauhusisha na machozi, na siku fimbo isipokuwepo haugusi. "Maliza mboga, mama, nikupe biskuti" tunaiona mbaya zaidi, kwa kuwa ina sura ya upole na hakuna anayeikemea: mtoto anaelewa kwamba mboga ni adhabu na biskuti ndiyo chakula chenyewe. Anayekaangiwa chipsi kila akinuna naye anajua kusubiri tu.

Gawaneni kazi. Wewe unaamua mboga gani, saa ngapi na wapi. Yeye anaamua ale kiasi gani, hata kama ni sifuri.

Sokoni Kilombero (Arusha) au Mbuyuni (Moshi) chagua mnafu mchanga. Chambua majani na utupe vitunda vya kijani vyote, maana vikiwa vibichi vina sumu. Chemsha dakika 5, mwaga maji ya kwanza, kisha uunge kwa kitunguu, nyanya na vijiko 2 vya chakula vya karanga zilizosagwa kwa kila fungu. Asiyeweza karanga, tumia maziwa. Akishazoea, punguza karanga kidogo kidogo.

Saa moja na nusu kabla ya mlo asipewe chai ya maziwa, juisi wala andazi. Tenga mboga kwanza, kabla ya ugali na nyama: kijiko kimoja cha chai, basi. Kilima cha mboga kinamtisha. Kula naye kutoka bakuli lile lile, bila kumkodolea macho. Utamwona anachukua jani moja, analigusisha mdomoni, anakunja uso, analitema. Usiseme kitu, hiyo ni hatua. Akikataa kabisa, jibu "Sawa, baba," na baada ya dakika 20 hadi 30 ondoa sahani. Asipewe mbadala mpaka mlo unaofuata.

Rudia keshokutwa. Wengi huhitaji kuonja mara 8 hadi 15, na wazazi wengi huacha mara ya tatu au ya nne, wakisema "huyu hapendi mboga".

Mpango huu huvunjwa zaidi na watu wa nyumbani. Bibi akimwonea huruma, au dada wa kazi akimpa soda anyamaze, mtoto anarudi mwanzo. Kaa nao kabla ya kuanza, mkubaliane maneno ya kumjibu.

Akikataa vyakula vyote, si mboga tu, au uzito ukishuka, acha mpango huu na umpeleke kliniki na kadi yake.