Poka: maneno ya dau na unacholipia ukiyatamka

Kwenye Texas Hold'em isiyo na kikomo (aina ya poka ambayo dau halina ukomo wa juu), wachezaji wawili walio kushoto kwa kitufe cha mgawaji (alama ya anayehesabiwa kuwa mgawaji) huweka pesa kabla hata ya kuona karata zao. Hizo ndizo blaindi: tuseme ndogo ni 50 na kubwa ni 100.

Zamu yako ikifika, "cheki" ni kupita bila kulipa, na huruhusiwa pale tu ambapo hudaiwi kitu. "Beti" ni dau la kwanza la raundi, na haliwi chini ya blaindi kubwa. "Koli" ni kulifikia dau lililopo. "Foldi" ni kurudisha karata na kuyaacha yote uliyokwisha kuweka. Kufanya hivyo wakati ungeweza kucheki ni kukataa kuona karata inayofuata bure.

Watu hukwama zaidi kwenye "reizi", yaani kupandisha dau lililopo. Nyongeza haiwi ndogo kuliko beti au nyongeza iliyotangulia katika raundi hiyo. Blaindi kubwa ni 100, mtu akapandisha hadi 300: ameongeza 200. Anayetaka kupandisha tena lazima afike angalau 500. Wengi hudhani ni 600, kwamba dau sharti liwe maradufu. Taja jumla, "napandisha hadi 500", mgawaji asibaki kukisia.

Tena sema kabla ya kugusa chipu (vidonge vinavyosimama badala ya pesa). Ukidaiwa 100 ukatupa chipu moja ya 500 kimya kimya, hiyo ni koli, na chenji yako utarudishiwa. "Nafuata... halafu naongeza" nayo huishia kuwa koli, kwa sababu ungeweza kusoma uso wa mwenzako katikati ya sentensi. Sheria hii ni kali, lakini ni ya haki.

"Oli-ini" ni kuweka zote. Juma ana 200, Asha na Musa wana 500 kila mmoja, wote wameingiza zote: kitita kikuu (pesa za kushindaniwa na wote watatu, 200 kwa kila mmoja) ni 600, na Juma anaweza kushinda hicho tu. Zile 600 zilizobaki ni kitita cha pembeni, cha Asha na Musa peke yao.

Na oli-ini isiyotimiza nyongeza kamili haimfungulii mlango aliyekwisha kucheza. Ulibeti 300, mwingine akaingiza 400 zake zote: koli kwa kulipa 100 zilizobaki au foldi, kupandisha tena huruhusiwi.